Flashi inaniaibisha ukumbini: watu wanatoka weupe, mapambo yanapotea gizani

BintiKihonda (Morogoro)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo.

Nimekuja na aibu yangu, nichekeni kwanza halafu mnisaidie. Napiga picha za mnato, huu ni mwaka wa pili. Mchana nje sina wasiwasi kabisa. Nipe mwembe, nipe kivuli chake, nipe bibi harusi, nitakuletea picha ya kutundika sebuleni. Usiku ukumbini ndiko ninakofia.

Jumamosi iliyopita nilipiga sendofu hapa Morogoro. Kamati ilichangishana, mpambaji akaletwa, akafunika ukumbi kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu kuanzia mlangoni mpaka meza kuu, na taa ndogondogo zinaning'inia. Mimi mwenyewe nilipoingia nilisema leo nitapata picha. Nilipofungua kwenye kompyuta, mapambo hayapo. Nyuma ya watu ni giza tupu, kama shughuli tulifanyia porini. Mwenyekiti wa kamati aliyekuwa karibu yangu ametoka mweupe kama karatasi, meza kuu kule mbele wanaonekana kwa mbali kama watu waliokatikiwa umeme. Kila paji la uso linang'aa mafuta. Kwa wale waliosimama karibu na ukuta kuna kivuli cheusi kimewafuata mgongoni.

Mama mkubwa wa bibi harusi aliangalia picha kama kumi hivi, akavua miwani, akaniambia mbele ya watu: "Mwanangu, mbona sote tumetoka kama tumefumaniwa?"

Kesho yake mpambaji naye akapiga simu. Anataka picha za kazi yake. Nimpe zipi?

Vifaa: Canon 600D, lenzi yake ileile ya 18-55, na flashi ya Yongnuo YN560 niliyonunua mkononi kwa mtu. Haina TTL (ile ya kamera kupima na kupanga nguvu ya flashi yenyewe), kila kitu unapanga mwenyewe. Nilipiga kwa M (yaani napanga mwenyewe), shata 1/200 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inakaa wazi), f/5.6 (tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kushika mwanga) ili picha isiwe na chengachenga, flashi nguvu zote 1/1, nimeielekeza mbele. Betri nne za dukani zilikwisha kabla ya keki. Wakati wa shampeni flashi ilikuwa inasubiri sekunde kumi na kitu ndipo iwake, shampeni ikafunguliwa ikamwagika, mimi bado nasubiri.

Ijumaa ya wiki ijayo nina kipaimara cha mtoto wa jirani. Nifanyeje? Ninunue flashi kubwa zaidi?

---

Kijana_wa_Sinza (Dar)

Dada, uza hiyo flashi. Nunua lenzi ya 50mm f/1.8, piga kwa mwanga uliopo. Flashi ni mambo ya zamani. Mimi sijagusa flashi tangu mwaka juzi.

---

MzeeNegativu (Tanga)

Marahaba binti yangu. Usiuze kitu, na usinunue flashi kubwa. Uliyonayo ina nguvu kuliko zote nilizowahi kushika mimi miaka kumi ya kwanza ya kazi hii. Kaa hapa, nitaandika kirefu, macho yangu hayapendi simu lakini leo nimekaa kwenye kompyuta ya mjukuu.

Nilianza mwaka 1988, Ngamiani, nikiwa kijana wa kubeba begi na kukausha picha. Bwana studio wangu alikuwa na Yashica na flashi ya Vivitar 283, ile yenye kichwa kinachoinuka. Mkanda mmoja picha 36. Harusi nzima mikanda mitatu, ukiomba wa nne unaulizwa kama baba yako ana kiwanda. Wala hukuwa na kioo cha kuangalia umepata nini. Ulikuja kujua umeharibu siku ya Jumatano, bibi harusi ameshafika Lushoto kwa mumewe. Kwa hiyo bwana yule alinipa sheria moja, akaisindikiza na kibao cha kisogo ili isitoke: usimmulike mtu. Mulika ukuta, ukuta ndio utammulika mtu.

Hebu itazame flashi yako usoni. Ule uso unaotoa mwanga ni mdogo, kama viberiti viwili vitatu vilivyolazwa pamoja. Taa ndogo namna hiyo ikimpiga mtu kutoka mbele, kivuli chake kinakuwa kikali kama kimekatwa kwa wembe, na kila penye jasho au mafuta panatoa doa jeupe. Na sisi watu weusi doa hilo linajitokeza zaidi kwenye ngozi yetu, ndiyo maana paji la uso linawaka kama sufuria mpya. Ngozi haina kosa lolote hapo, kosa ni udogo wa taa. Sasa kigeuze kile kichwa kitazame ukuta mweupe au dari jeupe. Ukuta mzima unakuwa taa. Mwanga unamfikia mtu kutoka pembe nyingi kwa pamoja, kivuli kinalainika, na ule mng'ao wa usoni unatanda, unaonyesha umbo la shavu badala ya kutoboa tundu jeupe.

Hilo la kwanza. La pili ni mwenyekiti wako wa kamati.

Mwanga wa flashi unachoka upesi kuliko watu wanavyodhani. Ukimpeleka mtu mbali mara mbili, haupungui nusu, unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Mwenyekiti tuseme alikuwa mita moja na nusu kutoka kwako, meza kuu mita tano. Fanya hesabu: meza kuu imepata chini ya moja ya kumi ya mwanga aliopata mwenyekiti. Hata ungekuwa na flashi ya ukubwa wa ndoo, uwiano huo usingebadilika, ungemuunguza mwenyekiti zaidi tu. Lakini mwanga ukitoka darini, umbali wa kutoka dari mpaka kwa mwenyekiti na umbali wa kutoka dari mpaka kwa jirani yake haupishani sana. Ndipo watu wanakuwa wa rangi moja.

Sasa mapambo. Hapa ndipo vijana wengi mnapopotea, na mimi nilipotea miaka mitatu.

Ukumbi ulikuwa na taa, binti yangu. Kamera yako ndiyo iliyozikataa. Flashi inawaka na kuzima kwa muda mfupi mno, shata ikiwa 1/200 au 1/60 yenyewe haina habari, inatoa kilekile. Taa za ukumbini ndizo zinazohitaji shata ikae wazi ili ziingie. Wewe umepiga 1/200 kwa ISO 100, umefunga mlango, umebaki na flashi peke yake. Ukishusha shata mpaka 1/60, mwanga wa ukumbi unaingia zaidi ya mara tatu. Ukipandisha ISO mpaka 1600, mara kumi na sita. Zidisha: zaidi ya mara hamsini. Mapambo ya watu yalikuwa humo ndani ya hiyo hamsini.

Kwa hiyo ukiingia ukumbini, kabla hata watu hawajajaa, zima flashi. Weka M, 1/60, f/5.6, ISO 1600. Piga picha ya ukumbi mtupu. Unataka ukumbi uonekane lakini umefifia kidogo, kama saa ile magharibi taa zikiwa ndiyo kwanza zimewashwa. Ikiwa giza zaidi ya hapo, ongeza ISO au shusha shata kidogo. Ukipata hapo usiguse tena. Ndipo uwashe flashi, nguvu robo, kichwa umekigeuza, umpige mhudumu yeyote aliyesimama. Uso ukiwa mweusi, ongeza nguvu ya flashi. Ukiwa mweupe mno, punguza. Shata ni ya ukumbi, flashi ni ya uso. Usiku kucha unacheza na kitufe kimoja tu.

Nimesema f/5.6 kwa sababu ya lenzi yako. Ile 18-55 ikiwa pana inafika 3.5, ukiivuta mpaka 55 inajifunga yenyewe kuwa 5.6. Flashi yako haina akili ya kufuatilia hilo. Ukipanga 3.5 halafu ukavuta, picha inakuwa giza na wewe unalaumu betri.

Chengachenga za ISO 1600 kwenye 600D zipo. Ukichapa picha ya albamu hakuna anayeziona, na sijapata kusikia mama mkubwa analalamika chengachenga. Picha ya giza uliyoipandisha kwenye kompyuta ndiyo inayotoka na chenga za kweli.

Ukigeuza flashi juu moja kwa moja, angalia macho. Mwanga ukishuka kama mvua, matundu ya macho yanakuwa mashimo, na mwenye kilemba kikubwa anapotea usoni kabisa. Mimi sielekezi juu ya kichwa cha mtu, naelekeza juu na nyuma yangu, kama mtu anayerusha chumvi begani, au pembeni kwenye ukuta uliopo upande wa kushoto. Watu watakuona mwehu, flashi inatazama huku na kamera kule. Waache. Mwanga utarudi na kuwapiga kutoka mbele kwa upande, pua itapata kivuli kidogo, na kila jicho litapata nukta ya uhai.

Kijana wa Sinza naye nimemsoma. Mwanangu, 50mm f/1.8 ni lenzi nzuri, ninayo. Lakini ukiwa mita tatu kwa kamera kama ya huyu binti, kina kinachotoka makini ni kama shubiri moja. Kamati ina watu kumi na wanne, wamepanga mistari miwili. Utamchagua nani atoke na nani awe ukungu? Mweka hazina?

---

BintiKihonda

Mzee wangu, shikamoo tena. Nimesoma mara tatu. Kumbe nilifunga mlango mwenyewe!

Swali: ule ukumbi wa sendofu dari lote lilikuwa limefunikwa vitambaa vya zambarau. Nikimulika juu si watu watatoka zambarau?

---

MzeeNegativu

Watatoka zambarau. Mwanga unachukua rangi ya pale ulipogonga, na hiyo huwezi kuitoa vizuri kwenye kompyuta kwa sababu nusu ya uso ina zambarau na nusu haina. Dari la mbao halifai pia, linakula mwanga na kurudisha rangi ya udongo. Hema la kukodi jeupe ni zuri ajabu. Mabati yasiyo na dari, sahau.

Penye dari baya tafuta ukuta, mlango mweupe, hata friji la vinywaji. Pasipo na kitu kabisa, chukua karatasi ya manila nyeupe, kata kipande cha ukubwa wa daftari, kifunge nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira, kiinamie mbele kidogo kama kofia ya polisi. Flashi inatazama juu, manila inasukuma mwanga mbele. Bado ni taa ndogo ukilinganisha na ukuta, lakini imekuwa kubwa mara kadhaa kuliko viberiti vyako, na imepanda juu kidogo ya lenzi. Sogea karibu na watu, mita mbili hivi. Na uwaambie watoke ukutani hatua mbili, kile kivuli cha mgongoni kitaanguka chini kisionekane.

Manila ni shilingi mia chache. Usikubali kuuziwa zile bakuli za plastiki kwa bei ya kuku wawili.

---

UkhtiWaMjiWaKale (Mombasa)

Assalaam aleikum. Mzee amesema kweli tupu, mie naongeza la kwetu.

Mie hupiga harusi za wanawake, kupamba na hina, ndani ya majumba ya Mji wa Kale. Humo mwanamume haingii, kwa hivyo kazi tunayo, alhamdulillahi. Majumba yale dari zake ni boriti nyeusi na ziko juu sana. Mwanzo nilikuwa nikielekeza flashi juu kama nilivyofunzwa, picha zikitoka kiza. Hata kwa nguvu zote. Boriti zilikuwa zikiumeza mwanga wote. Lakini kuta! Kuta ni nene na zimepakwa chokaa, nyeupe pepe. Siku nilipoigeuza flashi ubavuni nikaipiga kwenye chokaa, bibi arusi alitoka kana kwamba ameketi kando ya dirisha kubwa, na chumba kile dirisha hakina.

Sasa dadangu, dhahabu. Bibi arusi wetu akivaa, kavaa. Dhahabu ukiimulika usoni inatoka na cheche moja nyeupe na iliyobaki nyeusi, mtu akadhani ni shaba. Dhahabu ni kioo, yaonyesha kile inachokitazama. Ikitazama chumba chenye kiza itakuwa na kiza. Ipe kitu cheupe cha kutazama: ukuta, au shuka jeupe ashike mtu kando, hapo flashi iupige ule weupe. Utaona kila tundu la mkufu.

Na hina pia. Mkono usipigwe kutoka mbele, mwanga uje kutoka ubavuni ukipita juujuu ya ngozi, ndipo maua yatasimama. Piko nyeusi haina tabu, hina nyekundu ndiyo hupotea ukizidisha mwanga.

Jambo jingine. Kamera hudanganyika na nguo. Wewe wapiga kwa M, kwa hivyo umepona, lakini wenye TTL wajue: bibi arusi mwenye shela jeupe akijaa kwenye picha, kamera hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, uso ukawa mweusi ti. Wakipita mashoga watatu wenye buibui, hudhani kuna kiza, ikaongeza, nyuso zikaungua. Nguo haina uso. Tazama uso.

Kadi za picha mie huziacha kwa mamake bibi arusi usiku uleule. Hilo si la mwanga, lakini kwetu ndilo hukupa kazi ya pili.

---

Kibonge_Mwanza

Mzee Negativu, umenikumbusha mengi. Mimi niongeze uzoefu wa kipumbavu.

Hiyo YN560 ina hali ya S1, inawaka yenyewe ikiona flashi nyingine imewaka. Nikasema safi, nikaiweka kwenye stendi kwenye kona ya ukumbi, ikamulika ukuta, nami nikatumia kaflashi kadogo ka juu ya kamera kuiamsha. Picha kumi za kwanza moto wa kuotea mbali. Halafu wajomba wakaamka. Kila mjomba mwenye kakamera kake akipiga, flashi yangu inamjibu kutoka konani. Pwaa. Mjomba mwingine, pwaa. MC akaniuliza kwenye kipaza sauti kama ile ni radi. Saa tatu usiku betri zimekwisha, nimewapigia wajomba harusi bure.

Siku hizi nina kitriga cha redio, kinaiamsha flashi kwa mbali. Na huko nako nilipata somo: nikipanda mpaka 1/200 chini ya picha kunatokea utepe mweusi, maana shata inaanza kufunga kabla flashi haijawaka sawasawa. Nikishuka 1/160 unaondoka. Kwa hiyo dada, ukiona utepe mweusi usidhani kamera imekufa.

---

Kijana_wa_Sinza

Mweka hazina 😂😂 Mzee nimekubali. Ila betri hamjazizungumzia.

---

MzeeNegativu

Ni kweli, nilisahau, na ndizo zilizomnyima shampeni.

Betri za dukani za kutupa hazifai kwa flashi. Nunua zile za kuchaji za NiMH, mimi natumia Eneloop, seti mbili za nne nne. Usiogope kuona zimeandikwa volti 1.2 na zile za kutupa 1.5. Flashi inataka umeme mwingi kwa mkupuo, na hizi za kuchaji zinautoa bila kunung'unika. Usichanganye mpya na kuukuu, wala chapa mbili. Seti moja kwenye flashi, nyingine mfukoni, mfuko wa kulia zilizojaa, wa kushoto zilizokwisha. Mimi siku moja nilizichanganya mifuko ndani ya kanisa, nikawa nabahatisha kama mcheza bao.

Lakini dawa kubwa ni kuacha 1/1. Ukipiga kwa robo, kila tone la betri linakupa picha nne badala ya moja, na flashi iko tayari karibu muda uleule unaobonyeza. Ndiyo faida nyingine ya kupandisha ISO, watu hawaisemi. Keki inapokatwa, shampeni inapotikiswa, huwa sitaki kuwa na flashi inayosubiri.

---

BintiKihonda

Nimerudi na majibu.

Jumapili nilijaribu sebuleni kwa dada yangu. Kuta zake zimepakwa rangi ya mafuta ya kijani, ile ya kung'aa. Jamani. Shemeji ametoka kama ana homa ya manjano, na nyuma yake ukutani kuna mng'ao wa flashi kama mwezi. Nikahamia chumba cha watoto chenye chokaa. Palepale, mtu yuleyule, kanzu ileile, ametoka kama wa kwenye kalenda. Shemeji akaomba nimpige tena na tena, mpaka akaanza kubadili kofia.

Ijumaa kipaimara. Ukumbi mdogo, dari la jipsamu jeupe, chini kidogo ya mita tatu. Niliwahi saa moja kabla. Ukumbi mtupu: 1/60, f/5.6, ISO 1600 ikawa bado giza kidogo, nikashuka 1/50. Flashi robo, nimeitazamisha juu nyuma ya bega la kushoto. Padri alinitazama mara mbili.

Mzee, mapambo yapo! Maputo yapo, jina la mtoto ukutani lipo, hata mama wa jikoni aliyekuwa anachungulia mlangoni na mwiko yupo na anaonekana anacheka. Nyuso hazing'ai. Nimebadilisha betri mara moja tu usiku mzima, na nimepiga picha zaidi ya mia nne.

Zilizonishinda ni mbili. Wakati wa kucheza, watoto wametoka na mizuka, uso umetulia lakini kuna kama uso wa pili umepita pembeni. Na babu mmoja ana miwani mikubwa, kila picha yake ina taa mbili machoni.

Halafu taa za ukumbini ni za rangi ya njano, nyuma kunaonekana kama chungwa. Mimi nimependa, ila mama mtoto anauliza mbona ukuta mweupe umekuwa wa chungwa.

---

MzeeNegativu

Hongera binti yangu. Mwiko mlangoni hiyo ndiyo picha, uchape, uwapelekee bure.

Mizuka: taa za ukumbi zilikuwa na nguvu za kutosha kuwaandika watoto baada ya flashi kuzima. Wakati wa kucheza panda mpaka 1/160, ukumbi utafifia, flashi itawagandisha. Mtu akicheza hakuna anayekagua maputo. Muziki ukiisha rudi ulikokuwa.

Miwani: flashi imegonga kioo ikarudi kwako. Usimwambie mzee avue, bila miwani si yeye. Sogeza mahali unapomulika, ukuta wa pembeni badala ya dari la mbele yake, au mwambie ashushe kidevu kidogo tu, au ainue vile vipini vya masikioni kidogo ili vioo viiname. Kimoja kati ya hivyo kitakubali.

Chungwa: balbu za njano ziko kama kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga), flashi iko karibu na 5500 kama jua la mchana. Kamera imefuata flashi, nyuma kukabaki na rangi yake. Ukitaka vifanane, flashi lazima ivishwe chungwa. Zipo plastiki maalumu za kazi hiyo. Sisi zamani tulitumia karatasi ya pipi, ile laini inayoonekana upande wa pili, tukaipitisha juu ya kichwa cha flashi na mkanda wa kubandika. Kisha kamera ipange kwenye alama ya balbu. Flashi itapungua nguvu kidogo, utaongeza. Lakini kama wewe umependa chungwa, na mimi nimelipenda bila kuliona. Mwambie mama mtoto ilikuwa usiku.

---

BintiKihonda

Asante sana mzee wangu, asanteni nyote. Ukhti, wiki ijayo nina mteja wa hina, nitakutafuta.

La mwisho: flashi ilianguka wakati tunafunga vitu. Inawaka, lakini inalia kama mbu na kuna kitu kinacheza ndani. Kaka yangu ana bisibisi, anasema ni skrubu mbili tu. Aifungue?

---

MzeeNegativu

HAPANA. Mnyang'anye bisibisi. Ndani mna kapasita, kile kinachohifadhi umeme wa flashi, inayoshika volti kama mia tatu, na hata ukitoa betri inaendelea kuzishika. Mimi niliifungua ile Vivitar mwaka 1994 juu ya meza ya kulia, betri nimezitoa saa nzima. Nilijikuta nimekaa sakafuni karibu na mlango, mkono umekufa ganzi mpaka magharibi, mke wangu anauliza nani amegonga.

Ule mlio wa mbu ni wa kawaida, ni flashi inajaza. Ni hicho kinachocheza ndani ndicho cha fundi. Usiiwashe tena mpaka aione, na umwambie imeanguka kabla hajaishika.

---

BintiKihonda

Nimemnyang'anya. Amenuna.